Mitaro ya Susu

Jumatatu, 9 Julai 1984

Nimechota maji kabla ya shule. Mchanga wa mto umekauka zaidi. Shimo letu la maji sasa linanifika kiunoni. Nilikaa ndani nikingoja maji yajikusanye, nikasoma historia humo humo. Nilichelewa. Mwalimu hakuniuliza kitu. Nusu ya darasa huchelewa siku hizi.

Leo Mwalimu Musyoki ametufundisha juu ya mfuko wa wafanyakazi. Mtu wa ofisini au kiwandani hukatwa kidogo kila mwezi. Akizeeka anarudishiwa, ili asikae na njaa. Nilitaka kuuliza: na yule aliyelima tu maisha yake yote? Mkono haukuinuka. Huwa hauinuki. Naandika swali hapa lisipotee.

Nyumbani, mahindi ya manjano ya msaada. Mama ameyapata kwa kuchimba mitaro mlimani. Hilo ndilo sharti: ukichimba kipande chako unapimiwa mahindi, usipochimba hupimiwi. Susu, mama yake Baba, hachimbi. Nyonga yake ya kulia iliharibika, anatembea kwa fimbo. Kwa hiyo anakula kwa kipimo cha Mama. Mimi pia na mdogo wangu Kioko. Baba yuko Mombasa, bado anatafuta kazi.

Siyapendi haya mahindi. Nimekula yote.

Alhamisi, 12 Julai

Susu anasema ameshiba. Anasema hivyo kila jioni. Leo nimemwona akimwita Kioko nyuma ya jiko na kumpa bakuli lake. Kioko ni mdogo, haelewi. Alikula haraka akafuta mdomo kwa shati.

Nilimwambia Susu kwamba nimeona. Akasema mtoto anakua, yeye amemaliza kukua. Alisema kwa utani. Sikucheka.

Mikono yake imekonda. Bangili ya shaba aliyovaa tangu alipoolewa sasa inateremka hadi kwenye vidole. Ameifunga kwa uzi.

Sijamwambia Mama. Mama akijua atapunguza chake, na ndiye anayechimba.

Jumamosi, 14 Julai

Siku mbaya.

Nilienda mlimani kumsaidia Mama. Mama ndiye kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Mwethya hawachimbi vipande. Wanasimama mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo, na aliye dhaifu anawekwa katikati ili mstari umbebe. Nimeona hivyo tangu utotoni. Lakini kazi hii ya msaada ni tofauti. Mutua, msimamizi, amekata mlima wote vipande kwa fimbo yake ya kupimia. Kila mtu na chake. Hakuna anayeimba.

Saa nne hivi Susu akatokea njiani. Fimbo mkono mmoja, jembe mkono mwingine.

Mutua alimwambia kwa heshima, “Susu, hii si kazi ya wazee. Rudi nyumbani.”

“Nikirudi nitakula nini? Hiyo fimbo yako?”

Akina mama walicheka. Hata Mutua alicheka. Akampimia kipande, labda akidhani ni mzaha. Susu akaanza. Alichimba kama mtu anayeijua kazi, jembe halikuenda juu bure. Kisha nyonga ikashindwa kumbeba. Aliketi chini ndani ya mtaro, taratibu, kama aliyeamua kupumzika. Hakulia. Mama alitupa jembe akaenda kumwinua. Mutua alitazama upande mwingine.

Alisema sheria hakuitunga yeye. Nadhani ni kweli. Bado nimemchukia siku nzima.

Jumapili, 15 Julai

Baada ya ibada mwethya walikutana nyuma ya kanisa, upande wenye kivuli. Mama hakuzunguka. Alisema jana amembeba mama mkwe wake mgongoni kama mtoto, na hataki kumbeba tena kwa sababu ya mahindi. Wapo wengine kama Susu katika kila kijiji. Wapo wagonjwa. Yupo Mama Syokau aliyejifungua juzi na mumewe anamtaka aende kuchimba. Mama alitaka tuiandikie kamati ya msaada wilayani: asiyeweza kuchimba apimiwe pia.

Si wote waliokubali. Mama Ndinda, rafiki mkubwa wa Mama na mbishi wake mkubwa, alisema wasiochimba wakipewa, kesho wavivu wote watakuwa wazee.

“Basi wewe utaamka na mvi,” Mama akamjibu.

Walicheka, lakini Mama Ndinda alisema kweli anaogopa. Kamati ikikasirika, hata wanaochimba watakosa. Nilimwona ana watoto wengi na macho yaliyochoka. Sikumlaumu.

Mwishowe walikubaliana. Mama akanigeukia, akasema Mwende ataandika, Kiswahili chake ni cha vitabu. Nilitaka kujificha nyuma ya ukuta.

Nimeandika jioni hii. Nilianza na “tunaomba kwa unyenyekevu” nikakata. Nimeandika kwamba ni haki yao. Kisha nikaogopa neno langu mwenyewe. Nimeliacha.

Jumanne, 17 Julai

Tumempelekea chifu barua. Alisoma huku amesimama. Aliuliza nani ameandika. Mama akanionyesha kwa kidevu. Chifu akasema nina mwandiko mzuri, akaweka karatasi chini ya jiwe mezani pake. Basi.

Shuleni wamesikia. Wananiita Mbunge. Nilikula peke yangu darasani.

Jumanne, 31 Julai

Jibu. Afisa wa kamati atakuja Jumamosi kujionea hali ya wazee. Jina lake Bwana Wekesa. Hajui Kikamba, kwa hiyo nitakuwa mkalimani wake. Mama alisema hivyo kama kitu kidogo, huku akipepeta.

Naogopa. Pia nafurahi. Mtu anatoka wilayani kwa sababu ya sentensi zangu.

Ijumaa, 3 Agosti

Shule zimefungwa. Siku nzima ni matayarisho. Tumefagia uwanja hadi chini ya ua. Tumepaka kuta za nyumba ya Susu udongo mpya. Mama Ndinda ameleta viti viwili na kitambaa cha mezani alichopewa alipoolewa. Vikombe vimetoka kwa mke wa mchungaji. Unga wa ngano na sukari vimetafutwa nyumba kwa nyumba, kila mmoja akitoa kijiko alichokuwa ameficha. Na si hapa kwetu tu. Kila nyumba atakayoingia wanafanya hivyo.

Susu ameamuru tetea wake achinjwe. Ndiye kuku wa mwisho. Mama alijaribu kukataa. Susu akauliza kama tunataka mgeni atoke kwake akisema alikalishwa kavu.

Nimeshika miguu ya kuku. Sijawahi kuona uwanja wetu umependeza hivi tangu ukame uanze.

Jumamosi, 4 Agosti

Amekuja na gari la serikali. Mtu mpole, mnene kidogo, anafuta jasho kwa leso. Aliingia nyumba za wazee moja baada ya nyingine. Kila mahali chai. Kila mahali kitu kando ya chai. Alipofika kwetu alikuwa ameshiba, lakini Susu alimwekea mapaja yote mawili ya kuku na akala kwa adabu.

Susu alikuwa amevaa leso yake ya kanisani. Bangili aliificha ndani ya mkono wa sweta.

Bwana Wekesa akaniambia nimuulize kama ana chakula cha kutosha.

Susu alijibu kama anavyojibu kila mtu: tuko salama, tunacho, tunamshukuru Mungu. Nikatafsiri hivyo hivyo. Neno kwa neno. Niliona fahari kwamba sauti yangu haikutetemeka.

Aliniambia Kiswahili changu ni kizuri. Akatushukuru kwa ukarimu, akaenda. Akina mama walipiga vigelegele gari lilipoondoka.

Kioko alilamba sufuria. Usiku huu Susu hakula. Alisema mgeni alimshibisha kwa kumtazama.

Jumatano, 15 Agosti

Kamati imekataa.

Chifu amesoma jibu mbele ya watu. Wazee wa lokesheni hii wanatunzwa vizuri na jamaa zao. Hakuna sababu ya kubadilisha masharti. Afisa anatoa shukrani za pekee kwa mapokezi.

Mutua alikuwa ameegemea fimbo yake. Akasema, si kwa ubaya, nadhani hata kwa huruma, “Mlimchinjia kuku, halafu mkamwomba mahindi?”

Mama alicheka kicheko kifupi kibaya, akanishika mkono tukaenda.

Ni sisi. Hakuna aliyetunyima. Tuliificha njaa yetu wenyewe chini ya kitambaa cha Mama Ndinda, na mimi nikaitafsiri kwa Kiswahili kizuri. Nina hasira. Sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 16 Agosti

Nilimuuliza Susu kwa nini hakumwambia ukweli. Niliuliza kwa ukali. Sijawahi kumuuliza hivyo.

Hakukasirika. Alisema mgeni akiuliza habari, unamwambia ni salama. Angemwambia nini mtu ambaye hata maji ya nyumbani kwake hajayanywa? Kwamba mwanawe ameshindwa kumlisha? Alisema yeye si maskini wa kuombaomba. Amefanya kazi.

Nikamuuliza kazi gani. Nilidhani atasema kulima.

Akaniambia nitazame juu. Kutoka mlangoni pake mlima wote unaonekana, na mitaro ile ya zamani inauzunguka kama mikunjo ya sketi. Nimeiona kila siku ya maisha yangu. Nilidhani mlima umezaliwa hivyo. Susu alisema mstari wa chini waliuchimba kwa lazima, siku za wazungu, askari akisimama juu yao. Iliyo juu waliichimba kwa hiari baadaye, mwethya wake na wenzake, walipoona ile ya kwanza imezuia udongo. Baba alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwake. Wengi wa wenzake wamekufa. Mitaro ipo.

Nimekaa nikiitazama hadi macho yakauma.

Lile swali langu la darasani. Yule aliyelima tu hakukatwa kitu kila mwezi? Amekatwa. Alikatwa mgongo.

Jumapili, 19 Agosti

Nimesema mbele ya watu. Naandika tena ili niamini. Nimesema mbele ya watu.

Nyuma ya kanisa, mahali pale pale. Nilianza nikitazama viatu vyangu. Nilisema Bwana Wekesa arudi. Safari hii asione kitambaa wala kikombe. Tusifagie. Tusipike. Aone sufuria jinsi zilivyo. Kisha apandishwe mlimani aone mitaro ya zamani na aambiwe nani aliichimba. Hawa hawaombi. Walitangulia kuchimba.

Sehemu ya mlima waliipenda. Sehemu ya kutopika ilileta kelele. Kumwacha mgeni aondoke bila chai? Mama mwenyewe alinigeuka. Aliniuliza mbele ya wote kama shule ndiyo imenifundisha hivyo. Nilihisi machozi. Nilijua nimewatukana bila kutaka.

Susu alikuwa ameketi kwenye jiwe pembeni. Alinyanyua fimbo, wakanyamaza.

Aliuliza mwethya hulishwa saa ngapi.

Kila mtu anajua. Mwenye shamba huwalisha mwethya kazi ikiisha. Kabla ya hapo ni maji tu. Hakuna anayeona aibu.

“Basi huyo asiitwe mgeni,” Susu akasema. “Aje kazini. Akimaliza kazi yake, nitampikia mimi mwenyewe.”

Mama alitikisa kichwa, kisha akaanza kucheka, kicheko chake kizuri.

Mama Ndinda akauliza kitu cha maana: ataletwa na nini huku, ilhali kamati imeshatujibu? Walibishana muda. Mwishowe yeye mwenyewe alilijibu swali lake. Majembe chini. Hakuna anayechimba hata kipande hadi arudi. Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa kuliko wote.

Jumatatu, 20 Agosti

Hakuna aliyekwenda mlimani. Mutua alisimama huko peke yake na fimbo yake. Nilimwona kutoka mtoni. Alikaa hadi mchana.

Alhamisi, 23 Agosti

Ni siku ya kupimiwa mahindi na hatukupimiwa. Chifu alikuja. Alisema tunachezea chakula cha watoto wetu. Alinitazama mimi. Mama alisogea akasimama katikati yetu, akamwambia kwa upole kwamba mtoto anaandika tu, wanaosema ni wakubwa.

Si kweli. Lakini nilifurahi kuwa nyuma ya mgongo wake.

Jumamosi, 25 Agosti

Mboga za mwituni zilizochemshwa. Hazina chumvi. Kioko analia, kisha anachoka kulia, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mama Syokau amekwenda kuchimba peke yake, mtoto mgongoni. Akina mama walimfuata. Nilidhani watamtukana. Walimchukulia jembe, wakamrudisha nyumbani, wakampa kibaba cha mbaazi kilichochangwa. Sijui kilitoka wapi.

Nimefikiri: wakikataa tena, watoto wamelala njaa kwa sababu ya maneno yangu. Nimejaribu kusoma. Maneno hayaingii. Naogopa sana.

Jumatatu, 27 Agosti

Bwana Wekesa anakuja kesho. Mutua ndiye aliyeleta habari. Inaonekana alikwenda mwenyewe wilayani kueleza kwamba kazi imesimama. Aliingia uwanjani kwetu, akamsalimu Susu, akakataa kuketi.

Mama alinyakua ufagio kwa mazoea. Kisha akaurudisha. Uwanja una majani na kinyesi cha mbuzi. Ni kazi ngumu kuliko kufagia.

Jumanne, 28 Agosti

Nitaandika yote, nikumbuke.

Gari lilifika asubuhi. Bwana Wekesa alishuka akitabasamu, akaona uwanja, tabasamu likapungua. Hakuna viti. Alisimama. Susu alikuwa juu ya kigoda chake mlangoni, leso ya kila siku, mikono wazi juu ya magoti. Bangili na uzi wake. Mama alileta kikombe cha maji. Niliona Susu akigeuza uso kikombe kilipopita. Maji matupu, kwa mtu aliyetoka mbali. Sijamwona akiumia hivyo hata siku aliyoanguka mtaroni.

Bwana Wekesa akaniambia nimuulize Susu tena kama ana chakula.

Nikauliza. Niliogopa atasema tuko salama. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kwa mazoea.

“Mwambie hapana.”

Nikamwambia. Akatazama sufuria iliyofunuliwa jikoni. Akatazama ile bangili. Aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini hatukumwambia mara ya kwanza.

Hilo halikuwa la kutafsiri. Liliulizwa kwangu. Nikamjibu mwenyewe, “Ulikuwa mgeni.”

“Na leo?”

“Leo umekuja kazini.”

Alikunywa yale maji yote.

Kisha Susu akainuka, akasema twende mlimani. Mama alitaka kumzuia. Akakataa. Tulikwenda polepole, mimi upande mmoja na Mama mwingine, na njiani tuliwakuta wenzake wanne walio hai, wamekuja kila mmoja na fimbo yake. Walitutania kwamba tumechelewa. Mwethya wote walifuata nyuma, pamoja na chifu na Mutua. Tulifika mtaro wa kwanza wa zamani. Susu hangeweza zaidi. Aliketi juu ya ukingo wake kama mtu aliyeketi kitandani kwake.

Akamwita Mutua.

“Lete hiyo fimbo yako. Hawa wengine umewapimia. Na mimi nipimie.”

Mutua alidhani ni mzaha wa siku ile. Alimwangalia chifu, chifu akamwangalia Bwana Wekesa. Bwana Wekesa akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akasema, “Mpimie.”

Mutua akaanza. Fimbo mbele, fimbo mbele. Mwanzo alikuwa anatabasamu. Susu alielekeza kwa kidole: kutoka mti ule wa miiba hadi bonde lile ni langu na la marehemu Kalondu. Hapo juu tulichimba mwaka wa nzige. Wale wengine nao wakaanza kuita vyao, mmoja juu ya mwingine, wakikosoana, wakicheka. Yule ni wangu. Wako uliishia kwenye jiwe, uliacha ukaenda kuzaa. Mutua alipima akazunguka kilima hadi hatukumwona, akarudi upande wa pili, shati limelowa. Hakutabasamu tena.

Alipokuwa akipita mbele yake Susu alimwambia, “Hapo ulipokanyaga alichimba susu yako. Alikuwa na mimba ya baba yako.”

Mutua alisimama. Alivua kofia. Hakujua pa kuiweka. Nilidhani nitamcheka, lakini macho yangu yalijaa.

Bwana Wekesa aliniomba nimtafsirie na hilo. Nilitafsiri. Sauti yangu ilitetemeka na sikujali. Niliongeza yangu, ambayo sikuitayarisha. Nilisema wa ofisini hukatwa kila mwezi na akizeeka hurudishiwa. Hawa walikatwa kabla, na mlima huu ndio risiti yao. Hatuombi sadaka.

Chifu alikohoa. Hakuna aliyenikemea.

Bwana Wekesa alitembea mwenyewe juu ya mtaro, akapiga udongo kwa kisigino. Udongo haukumomonyoka. Aliporudi alimwambia Mutua aandike vipimo vyote. Mutua alisema ameacha kuhesabu zamani, mitaro haiishi.

Bwana Wekesa aliondoka na njaa. Susu alimwangalia hadi gari lilipopotea.

Jumatano, 29 Agosti

Hakuna habari. Mama alinipa kipande kikubwa cha kiazi kitamu kuliko cha Kioko. Hakueleza. Nilimgawia Kioko.

Jumatano, 12 Septemba

Shule imefunguliwa. Niliitwa nje ya darasa. Nilidhani ni karo. Ni Mama, amekuja mbio, leso imemtoka kichwani.

Kamati imekubali. Wazee wasioweza, wagonjwa, na waliojifungua watapimiwa bila kuchimba. Lokesheni yetu yote. Na mwethya wamerudi mlimani leo leo, kwa mstari mmoja, kwa wimbo. Mutua amewaachia. Anapima mtaro mzima jioni badala ya vipande.

Mama alinikumbatia mbele ya darasa zima. Nilitaka kufa kwa aibu. Pia sikutaka aniachilie.

Mwalimu Musyoki aliuliza kuna nini. Nikainua mkono, ingawa nilikuwa mlangoni tayari, nikamweleza, tena kwa sauti ya kusikika nyuma. Wameniita Mbunge tena. Safari hii niliitika.

Jumapili, 16 Septemba

Akina mama wa upande wa pili wa soko la Tawa wamekuja kanisani kwetu. Wanataka kujua tulifanyaje. Mama Ndinda aliwaeleza kila kitu kana kwamba lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Kwanza, aliwaambia, mfiche kitambaa cha meza.

Nilikaa nyuma na kitabu. Sikusoma. Nilikuwa nawasikiliza. Najivunia watu hawa.

Jumamosi, 22 Septemba

Susu alikwenda kupimiwa mwenyewe. Mama alitaka kumchukulia, akakataa. Alisimama kwenye mstari na wenzake, kiondo begani. Mutua alimpimia, akasawazisha juu kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja. Susu akairudisha. Akasema anataka kipimo chake tu.

Alitwanga kidogo kwa ajili ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda. Mimi nilishika kinu. Hachoki haraka kama zamani, au labda ninataka iwe hivyo.

Jioni alikula bakuli lake lote. Kioko alisimama karibu kwa mazoea. Alipewa chake mwenyewe, akaenda kucheza.

Kabla ya kulala Susu alijaza muthokoi katika kibuyu kidogo, akakining'iniza juu ya jiko penye moshi. Nikauliza ni cha nani. Akasema ni cha yule bwana wa wilayani, amemaliza kazi na hajalishwa. Nikamwambia huenda asipite tena huku. Akasema atapita.

Kamba ilikuwa imelegea. Nimepanda kigoda nikaikaza, panya wasifike.